Virusi vya Panya na Jinsi Herufi Zake Zinavyosomwa

Panya twamjua sote. Hutoboa magunia, hula mahindi, hukata nguo sandukuni, na usiku hukimbia juu ya dari la bweni kana kwamba yumo katika mashindano. Mkulima humchukia kwa ajili ya nafaka yake, na daktari humchukia kwa ajili ya tauni. Lakini liko jambo jingine la panya wa porini ambalo halisemwi mara nyingi katika masomo yetu, nalo ni virusi viitwavyo hanta. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walipofika kwenye sura ya urithi waliuliza jeni zina faida gani nje ya chumba cha mtihani. Swali hilo ni la haki, nami naona hakuna jibu bora kuliko habari ya virusi hivi.

Panya mwenye virusi vya hanta haugui. Hula, huzaa na kurukaruka kama wenzake, naye huvichukua mwilini mwake maisha yake yote, akivitoa katika mkojo, mavi na mate. Mkojo ukikauka huchanganyika na vumbi. Mtu akiingia katika chumba kilichofungwa muda mrefu, akakamata ufagio na kufagia, vumbi huruka naye hulivuta kwa pumzi. Hahitaji kuumwa na kiroboto kama ilivyo katika tauni, wala na mbu kama ilivyo katika malaria, pumzi yatosha. Baada ya majuma kadhaa, hata nane, huanza homa na maumivu ya misuli, kiasi cha mtu kudhani ni mafua tu. Huko Asia na Ulaya maradhi hayo huziharibu figo. Katika bara la Amerika hushambulia mapafu, yakajaa maji, na katika kila wagonjwa kumi hufa kama wanne.

Jina la hanta latoka Korea. Wakati wa vita vya huko, vya mwaka 1950 hata 1953, askari zaidi ya 3,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa walishikwa na homa ya ajabu yenye kutoka damu na kuziba mkojo. Madaktari walitafuta kisa chake wasikione. Ilipita zaidi ya miaka ishirini ndipo bingwa mmoja Mkorea, Ho Wang Lee, alipokiona mwaka 1976. Njia yake ilikuwa ya busara sana. Alichukua maji ya damu ya watu waliokwisha kupona, maana damu ya mtu aliyepona hubaki na askari wanaomtambua adui yule yule. Akayaweka juu ya vipande vyembamba vya mapafu ya panya wa mashambani, pamoja na dawa ya kung'aa. Katika mapafu ya panya mmoja mwenye mstari mweusi mgongoni, aitwaye Apodemus agrarius, vipande viling'aa. Adui alikuwa mle. Mwaka 1978 yeye na wenziwe walitangaza habari zake, na virusi vikapewa jina la mto Hantan upitao karibu na mahali pale.

Njia hiyo ya damu ni nzuri, lakini ina upungufu wake. Yakuambia kwamba adui ni wa ukoo fulani. Haikuambii sawasawa ni nani katika ukoo huo. Ni kama kumsikia mtu akisema kwa sauti nje ya mlango: watambua kuwa ni mtu wa nyumba fulani, lakini huwezi kuapa kuwa ni Juma wala si nduguye. Kwa kumtambua mmoja mmoja yapasa kusoma jeni.

Tuone basi jeni za virusi hivi zina nini. Jeni zetu sisi zimeandikwa katika DNA. Hizi zimeandikwa katika RNA, ambayo ni ndugu yake. Herufi zake ni nne tu: A, C, G na U. Virusi vya hanta vina nyuzi tatu za RNA. Uzi mkubwa una herufi kama 6,500, nao una maagizo ya kutengeneza kimeng'enya cha kunakili. Wa kati una herufi kama 3,700, na maagizo yake ni ya protini za nje, zile zinazoshika chembe ya mwili kama ndoana. Uzi mdogo una herufi karibu 2,000, na protini yake huzifunika na kuzilinda nyuzi zenyewe. Jumla ni herufi kama 12,000. Jeni za binadamu zina herufi kama milioni elfu tatu. Kwa hiyo kitabu chote cha virusi kingeweza kuchapwa katika kurasa chache za gazeti hili, na bado chaweza kumwangusha mwanariadha.

Sasa lipo jambo ambalo ndilo msingi wa elimu yote hii. Kile kimeng'enya cha kunakili ni mwandishi asiyesoma tena alichokiandika. Kila anaponakili hukosea hapa na pale, na kosa likikaa hurithiwa na nakala zote zitakazofuata. Mwalimu yeyote ajua faida ya makosa ya namna hiyo. Tuseme ubaoni imeandikwa: "Panya mmoja alipita ghalani usiku." Mwanafunzi wa kwanza aandika: "Panya mmoja alipika ghalani usiku." Wa pili aandika: "Panya mmoya alipika ghalani usiku." Wa tatu aandika: "Panga mmoja alipita ghalani usiku." Wote wamekosea, lakini mwalimu ajua mara moja kwamba wa pili hakutazama ubao, alitazama daftari la wa kwanza, maana amechukua upishi wa panya pamoja na kuongeza kosa lake mwenyewe. Wa tatu alitazama ubao kwa macho yake, ingawa macho yenyewe hayakuwa mazuri. Wataalamu wa jeni hufanya vivyo hivyo. Huziweka herufi za virusi mbalimbali sambamba, huyahesabu makosa yaliyoshirikiwa, kisha huchora mti wa ukoo, nani ametokana na nani.

Kazi hiyo ilipata sifa kubwa mwaka 1993 huko Marekani, mahali ambapo majimbo manne ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah hukutana. Ni nchi kavu ya mawe mekundu, na watu wengi wa huko ni Wanavajo. Mwezi wa Mei kijana mmoja, mkimbiaji hodari mwenye afya njema, alizidiwa na pumzi akafa mara. Mchumba wake alikuwa amekufa siku chache kabla yake kwa dalili zile zile. Madaktari walipoulizana wakaona wako vijana wengine waliokufa hivyo hivyo katika eneo hilo. Wote mapafu yao yalikuwa yamejaa maji.

Hofu ilienea upesi kuliko maradhi. Magazeti yakaanza kuyaita kwa jina la Wanavajo, kana kwamba kabila lao ndilo lililoyazaa. Watoto wa Kinavajo waliokuwa wamealikwa kuwatembelea rafiki zao wa barua huko California wakaambiwa wasije. Wengine wakavumisha kwamba ni sumu iliyoponyoka katika ghala za jeshi. Naomba msomaji ayakumbuke mambo hayo atakapofika mbele, maana herufi za jeni ndizo zilizoyajibu.

Damu za wagonjwa zilipelekwa katika kituo cha serikali cha kuzuia maradhi kilichoko Atlanta. Ilipojaribiwa kwa virusi vingi mbalimbali, ilionyesha dalili ya kuvitambua vile vya hanta. Wataalamu walistaajabu. Hanta waliyoijua ilikuwa maradhi ya figo, ya Korea na ya Ulaya. Marekani penyewe kilijulikana kirusi cha hanta cha panya wa mbugani huko Maryland, nacho hakikuwa kimemdhuru mtu. Hapo ndipo Stuart Nichol na wenziwe walipoingia katika kazi ya jeni.

Ugumu wa kwanza ni uchache. Katika kipande cha pafu la marehemu, RNA ya virusi ni kama punje chache za mtama katika ghala ya mchanga. Yapasa kuziongeza. Kwanza RNA hugeuzwa kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu. Kisha hutumika njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983: DNA hupashwa moto mpaka nyuzi zake mbili zikaachana, hupozwa kidogo ili vipande vifupi vya kuanzishia vishike mahali pake, kisha kimeng'enya hukamilisha uzi wa pili. Moja imekuwa mbili. Hurudiwa tena, zikawa nne, nane, kumi na sita. Mwanafunzi wa Hesabu na ajaribu: mara thelathini za kuzidisha kwa mbili hutoa 1,073,741,824. Kazi yenyewe huisha kwa muda wa saa chache.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi, na watu wengi huupita bila kuufikiri. Ili vile vipande vya kuanzishia vishike, lazima herufi zake zilingane na za kile unachokitafuta. Utalinganishaje na kitu ambacho hakijaonekana bado? Walizichukua herufi za virusi vya hanta vilivyojulikana, wakazipanga sambamba kama yale madaftari ya wanafunzi, wakatafuta mahali ambapo vyote vimekubaliana. Mahali pasipobadilika katika ndugu wote, yaelekea hapatabadilika katika ndugu asiyejulikana. Walitengeneza vipande vyao kwa mahali hapo, na vikashika.

Mwezi wa Juni ulikuwa haujaisha walipokuwa na herufi mkononi. Zilikuwa za hanta, lakini hazikulingana na hanta yoyote iliyojulikana. Ndugu wa karibu alikuwa yule wa Maryland, na hata yeye alikuwa mbali. Wakati huo huo wenzao walikuwa wakitega panya ndani na nje ya nyumba za wagonjwa; mpaka katikati ya Agosti walikwisha kukamata kama 1,700. Waliopatikana wengi kuliko wote walikuwa wa namna moja, panya mdogo wa porini mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, Peromyscus maniculatus. Katika kila kumi wa namna hiyo, kama watatu walikuwa na alama za virusi. Na herufi zilizotoka katika panya waliotegwa nyumbani kwa wagonjwa zililingana na zilizotoka katika wagonjwa wenyewe. Ushahidi gani bora kuliko huo? Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amefaulu kuvikuza virusi hivyo katika chupa. Hilo lilikuja mwezi wa Novemba. Adui alitambuliwa kwa herufi zake kabla hajakamatwa mzima.

Kwa nini mwaka ule? Baada ya miaka ya ukame kulikuwa na theluji na mvua nyingi, majani yakaota, misonobari ya huko ikazaa mbegu tele, na panya wakaongezeka mara kumi kwa muda wa mwaka mmoja. Wazee wa Kinavajo walikuwa wakisema tangu zamani kwamba miaka ya mbegu nyingi ni miaka ya panya wengi, na kwamba panya wasiachwe kugusa chakula wala nguo, maana wana maradhi. Nadhani wangeulizwa mapema zaidi.

Na ule uvumi wa jeshi? Herufi ziliujibu. Virusi vya panya wa bonde moja vilitofautiana na vya panya wa bonde jingine kwa makosa mengi ya kunakili, mengi kuliko yawezayo kupatikana kwa mwaka mmoja au miwili. Havikuwa vigeni, vilikuwapo porini kwa muda mrefu, kila bonde na nakala zake. Baadaye damu ya mtu mmoja wa Utah aliyeugua mwaka 1959 ilipimwa ikaonekana kuwa naye aliugua maradhi hayo hayo. Wala hayakuwa ya kabila moja, kwa kuwa panya yule huenea karibu Amerika ya Kaskazini yote. Ilipokuja haja ya kuvipa jina, kila jina la mahali lilikataliwa na wenyeji, ambao walikwisha kuchoka kutajwa vibaya. Mwishowe vikaitwa Sin Nombre, maneno ya Kihispania maana yake "bila jina".

Ziko habari nyingine za kufaa. Nyuzi zikiwa tatu, panya mmoja akiingiwa na virusi vya namna mbili vya jamaa moja, nakala zaweza kuchanganyika, uzi mmoja ukatoka huku na mbili zikatoka kule, nayo imeonekana kweli katika Sin Nombre. Lakini habari iliyo nzito zaidi ni ya Argentina. Huko wako virusi viitwavyo Andes, navyo peke yake katika ukoo huu vimethibitishwa kuwa huhama kutoka mtu hata mtu. Jambo hilo lilishukiwa mwaka 1996 katika mji wa El Bolsón, hata daktari asiyekutana na panya akaugua. Tena mwaka 2018 mwezi wa Novemba, katika kijiji cha Epuyén, mtu mmoja mwenye homa alihudhuria sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mpaka mwanzoni mwa 2019 walikuwa wameugua watu 34, na 11 wakafa. Je, kila mmoja alivuta vumbi la panya wake? Herufi zilisema hapana. Kama wangekuwa wamepata kila mtu kwa panya wake, nakala zao zingetofautiana kama za mabonde tofauti. Zilikuwa karibu sawa kabisa, kama madaftari ya watoto waliokaa benchi moja: panya mmoja mwanzoni, kisha watu kwa watu. Serikali ikawatenga wagonjwa na waliokutana nao. Kabla ya hapo kila mgonjwa aliambukiza watu wawili na zaidi kidogo kwa wastani. Baada yake, chini ya mmoja, na moto ukazimika. Laiti wangeendelea kutafuta panya tu, wangepoteza wengi.

Yafaa hapa kusema neno la matumizi kwa wenye maghala na vyumba vilivyofungwa likizo nzima, shule zikiwamo. Mavi ya panya yasifagiwe makavu. Fungua milango na madirisha, uondoke kwa nusu saa hewa ipite. Kisha lowesha mahali hapo kwa maji yenye dawa ya kuondolea madoa, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, ngoja dakika tano, ndipo ufute kwa kitambaa ukiwa umevaa mipira ya mikono. Ni kazi ya robo saa zaidi ya ufagio. Hata pasipo hanta, panya wana maradhi mengine yanayoogopa maji hayo.

Na kwetu Afrika? Kwa miaka mingi zilikuwapo dalili katika damu za watu, lakini herufi hazikuwapo. Mwaka 2006 Boris Klempa na wenziwe walitangaza virusi vya kwanza vya hanta vya Afrika hasa, vilivyopatikana katika panya wa miti, Hylomyscus simus, karibu na kijiji cha Sangassou nchini Guinea. Baada ya hapo wataalamu wakaanza kutazama wanyama wengine, nao wakashangazwa na kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu na harufu kali ambaye watu humwita panya ingawa si panya kamwe. Hula wadudu, na meno yake ni ya namna nyingine. Guinea, Côte d'Ivoire na kwingineko virusi vya hanta vilionekana katika virukanjia, na hata katika popo. Hapo ndipo mti wa ukoo ulipowatatiza mabingwa. Zamani walidhani kila namna ya virusi ilizaliwa pamoja na mnyama wake na kutembea naye kwa mamilioni ya miaka, kama kupe na ng'ombe. Michoro ya mti wa wanyama na mti wa virusi kwa sehemu kubwa hulingana kweli. Lakini mahali pengine matawi yanapishana, na wengine kwa kuhesabu kasi ya makosa ya kunakili husema virusi hivi ni vipya zaidi, na vimekuwa vikiruka kutoka mnyama hata mnyama. Mimi naona hoja ya kuruka ina nguvu, ingawa ubishi haujaisha.

Tanzania imo katika mti huo. William Stanley wa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, alitembea miaka mingi katika milima yetu akihesabu wanyama wadogo, na kuhifadhi vipande vya nyama vya wale aliowapata. Mwaka 2014 yeye, Richard Yanagihara wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na wenzao walitangaza kwamba katika vipande hivyo zimesomwa herufi za virusi viwili vipya vya hanta. Kimoja kilitoka katika Myosorex zinki, kirukanjia asiyepatikana popote duniani ila juu ya Kilimanjaro, nacho kikaitwa Kilimanjaro. Kingine kilitoka katika Myosorex geata wa misitu ya milima yetu ya mashariki, kikaitwa Uluguru. Kuvikuta ndani ya kirukanjia si kusema kwamba vinaua watu. Wengi wa ukoo huu hukaa na wanyama wao bila kumgusa mtu. Wala visichanganywe na virusi vya Morogoro, vilivyotangazwa mwaka 2009 kutoka kwa panya shamba, Mastomys natalensis, maana hivyo ni vya ukoo mwingine kabisa, jamaa ya homa ya Lassa, ingawa navyo vilitambuliwa kwa kusomwa herufi. Stanley alifariki mwaka 2015 akiwa kazini Ethiopia, akitega wanyama wadogo kama kawaida yake.